Barua Iliyokuwa Tayari Kwenye Kompyuta

Nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi katika steshenari moja Morogoro, zile za jirani na vyuo ambazo ukuta mzima umebandikwa bei za kuchapa, laminesheni na kujalidi ripoti za fildi. Mbele yangu alisimama binti wa mwaka wa kwanza. Nilimjua kwa kitambulisho: kamba bado ngumu, plastiki haina hata mkwaruzo. Akaegemea kaunta na kupunguza sauti.

"Kaka, naomba uniandikie barua ya kuahirisha mwaka."

Kijana wa kompyuta hakushtuka wala hakuuliza chuo gani. Alifungua folda, akabofya faili moja, na barua ikatokea nzima, kuanzia anwani ya msajili hadi "wako mtiifu". Akafuta jina la mtu mwingine na namba ya usajili ya mtu mwingine, akaandika za binti. Alipofika kwenye aya ya sababu akasimama.

"Mdogo wangu, hapa tuache matatizo ya kifamilia au tuweke ugonjwa? Ugonjwa watataka cheti cha daktari."

"Acha hayo hayo ya familia."

Akalipa elfu moja, akaikunja karatasi mara mbili, akaondoka.

Binti mwenyewe sikumfikiria sana. Nilichoondoka nacho ni lile faili. Barua ya kuondoka chuoni imeshakuwa kiolezo, imehifadhiwa karibu na violezo vya wasifu na vya barua za kuomba kazi, na inabadilishwa jina tu. Wiki kadhaa baadaye bado nilikuwa najiuliza: ni wangapi walipita kwenye faili lile kabla yake?

## Steshenari ile ile, miezi michache nyuma

Rudi nyuma hadi Julai au Agosti. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa. Mlangoni mwa steshenari hiyo hiyo linaning'inia bango: TUNAFANYA MAOMBI YA VYUO NA MKOPO. Vijana wamekaa kwenye benchi na bahasha za kaki mapajani.

Nimewahi kukaa kwenye benchi hizo nikimsubiri mtoto wa dada yangu, na niliyoyasikia ni haya. Namba yako ya mtihani ya kidato cha nne? Ya sita? Kombi gani? Pointi ngapi? Barua pepe huna? Basi anatengenezewa hapo hapo, na nywila anaijua mwenye kompyuta kabla ya mwenye akaunti. Kisha linakuja swali kubwa, na safari hii anauliza kijana mwenyewe:

"Kaka, kozi gani ina mkopo?"

Haulizi watu wanasoma nini kwenye kozi hiyo wala wanaishia kufanya kazi gani. Hata umbali wa chuo kutoka nyumbani hauulizi. Na ana sababu ya kuuliza hivyo, maana Bodi ya Mikopo ina makundi yake ya vipaumbele na kila mtu mtaani anayajua: ualimu wa sayansi na hesabu, afya, uhandisi na jamaa zao. Mwenye kompyuta anapekua, anasoma majina ya kozi kama kondakta anavyotaja vituo, na kijana anaitikia moja kati ya hayo. Mambo yameisha. Ada ya maombi elfu 10, ya fundi juu yake, anayefuata!

Sheria iliyopo haina tatizo na hilo. Inataka ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1, D mbili zinatosha kukupitisha kwenye kizingiti cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Chuo na kozi vinaweza kupandisha juu ya hapo. Kwa hiyo mfumo unajua kwa uhakika kama unastahili kuingia. Kama utabaki, hakuna kisanduku kinachouliza.

## Mkopo huja nyuma

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Fuata mpangilio wa matukio. Unaomba chuo. Kwa wakati huo huo unaomba mkopo: ada ya elfu 30, cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, fomu ikagongwe muhuri wa serikali ya mtaa, kisha kwa wakili au hakimu. Majina ya udahili yanatoka. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba ya siri, na unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla tarehe haijapita.

Unathibitisha. Lakini mkopo bado.

Majina ya mkopo yanatoka kwa awamu, na kwa wengi yanakuja wakati vyuo vinakaribia kufunguliwa au vimeshafunguliwa. Mtu anashinda akifungua SIPA, akaunti yake ya Bodi ya Mikopo, kwenye simu kama anayesubiri ujumbe wa muamala. Awamu ya kwanza hayumo. Ya pili hayumo. Ya tatu yumo, lakini amepewa sehemu ya ada tu, hela ya kula na kulala hakuna. Wakati huo ameshathibitisha chuo kilicho mikoa minne kutoka kwao, nauli imeshalipwa, na mama ameshauza alichokuwa nacho cha kuuza.

Yaani tunamtaka kijana aamue atasoma wapi kabla hajajua ana shilingi ngapi za kusomea. Mtu mzima gani anapanga nyumba kwa utaratibu huo?

Kinachoniuma zaidi ni jambo ambalo nadhani hatujalitazama vizuri. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Ni hatua nzuri na sitaki irudishwe nyuma. Ila matokeo yake ni kwamba kwa familia nyingi, ankara ya kwanza kubwa ya elimu kuiona maishani ni ya chuo kikuu. Michango waliizoea, ya mlinzi, ya uji, ya madawati. Sasa inakuja milioni moja na zaidi kwa mwaka, na mwenye chumba mtaani naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hakuna mazoezi yaliyotangulia.

Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, mwenye mkopo atakopa kwa wenzake, atakula mlo mmoja, atabebwa kwenye kitanda cha rafiki bwenini. Asiye nalo kabisa anavumilia hadi karibu na mitihani, kwa sababu hapo ndipo chuo kinapodai ada ikamilike ndipo uingie kwenye chumba cha mtihani. Ndiyo maana barua zile huandikwa kwa msimu.

## Hili hatukulianza jana

Mwenye kumbukumbu atasema: si mliwahi kuwa na mfumo wa pamoja? Tulikuwa nao. Kuanzia 2010 maombi yote yalipitia kwa TCU, unapanga machaguo yako na mfumo unakupangia kulingana na ufaulu na nafasi. Ulipunguza ule ujanja wa mtu mmoja kushika nafasi vyuo vitatu. Lakini watu walilalamika kupangiwa wasikotaka, na mwaka 2017 ukaachwa. Waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja.

Nilipokuwa nafikiria hili nilikumbuka misimu miwili ambayo nadhani kama taifa tuliifunga haraka mno.

Mei 2016, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa waondoke ndani ya saa 24. Walikuwa wamechukuliwa kwa mpango wa serikali wa kuziba upungufu wa walimu wa sayansi na hesabu. Wahadhiri waligoma kufundisha programu ile kwa madai ya malipo, watoto wakarudishwa nyumbani, na baadaye mjadala ukageuka kuwa wa sifa zao: nani aliwaingiza hawa? Mwaka huo neno "vilaza" lilivuma nchi nzima. Waliobebeshwa lawama ni watoto. Fomu hawakuzitengeneza wao.

Mapema 2017 ikaja orodha ya TCU ya wanafunzi zaidi ya 8,000 waliokwisha kudahiliwa ambao uhakiki ulisema hawana sifa. Wengine walikuwa na vyeti safi, kilichokosewa ni taarifa. Wengine kweli hawakustahili. Wote walikuwa tayari darasani, na hakuna hata mmoja aliyejidahili mwenyewe. Mwaka huo huo TCU ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya.

Anayekosea ni aliyefungua mlango. Anayetoka na begi ni aliyeingia.

## Majengo mawili

Nina rafiki aliyefanya kazi ofisi ya udahili kwenye chuo kimoja binafsi, sitakitaja. Nilimpelekea hoja zangu zote za ada na mkopo, akasikiliza huku anakoroga chai, kisha akasema kitu ambacho sikuwa nacho kwenye daftari.

"Novemba mkuu wa chuo ananiuliza swali moja: wamesajiliwa wangapi? Februari haniulizi wamebaki wangapi. Hilo si la ofisi yangu."

Na la ofisi gani?

"Barua za kuahirisha zinakwenda kwa msajili wa taaluma. Jengo lile kule."

Akaonyesha kwa kidole kana kwamba jengo lilikuwa pale mkahawani. Nilicheka, yeye hakucheka. Aliniambia chuo chao kilikuwa kinaishi kwa ada; kila kiti kitupu ni mshahara wa mtu. Kwa hiyo awamu ya kwanza walikuwa na vigezo, ya pili wakalegeza, na ya tatu, kwa maneno yake, "mwenye cheti halali na sauti ya kujibu simu anaingia." Walikuwa wanawapigia vijana mmoja mmoja.

Sasa mtazame huyo aliyeingia awamu ya tatu. Amefika wenzake wameshasoma wiki kadhaa. Mabweni yamejaa. Vikundi vya kujisomea vimeshaundwa, na jaribio la kwanza la hesabu liko wiki ijayo. Kozi yenyewe aliambiwa kwa simu kwamba "bado ina nafasi". Akipata sapu nne, yaani mitihani ya kurudia, mwisho wa mwaka au akidisko, yaani akiondolewa chuo kabisa, tutasema hakujituma.

Tangu siku ile nimekuwa nikidhani kwamba fedha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba anayeingiza wanafunzi na anayepokea barua zao za kuondoka hawakai jengo moja, na barua zile hazirudi kumsomea aliyewaingiza kitu chochote.

## Wakati wa Musoma

Jirani yangu mmoja ni mzee wa kilimo, mstaafu. Alisoma hapa hapa Morogoro wakati chuo hiki bado ni kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla hakijawa Sokoine mwaka 1984. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza ninachoandika. Akaniuliza kama nimewahi kusikia Azimio la Musoma.

Nilikuwa nalijua kwa jina. Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba kidato cha sita hakikupeleki chuo kikuu moja kwa moja. Unakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), unafanya kazi walau miaka miwili, kisha mwajiri na chama wanakuandikia kwamba unafaa.

"Sisi tuliingia tumeshalipwa mshahara," mzee alisema. "Mimi nilikuwa bwana shamba. Profesa akitaja mbolea, naiona. Na ukiacha masomo unarudi kwa bosi yule yule aliyekuandikia barua. Utamwambia nini?"

Nilianza kuipenda hiyo hoja. Mtu anachunguzwa na waliomwona akifanya kazi, anachagua kozi kwa kuwa ameigusa kwa mikono. Lakini mzee hakuniacha nifurahi sana. Akasema darasani kwao wanawake walikuwa wa kuhesabu. Idadi yao ilikuwa imeporomoka, kwa sababu miaka ya kusubiri kazini ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, ikabidi baada ya muda mfupi wanawake wasamehewe sharti hilo. Na barua ya chama?

"Ukikorofishana na mwenyekiti wa tawi, shauri yako."

Kwa hiyo njia ile ilichuja waliodumu kwa kuwaacha wengi nje. Ukichagua watu ambao hawawezi kuanguka, bila shaka hawataanguka. Hilo halihitaji usomi.

## Ninapositasita

Ndiyo sababu nasita kila nikisoma mtu anaandika kwamba dawa ni kupandisha pointi. Najua nani ataondolewa kwanza. Ni yule wa shule ya kata ambaye mwalimu wa fizikia alifika akiwa kidato cha sita muhula wa pili. D yake na D ya mtoto aliyekuwa na mwalimu wa ziada nyumbani zimeandikwa kwa wino mmoja, lakini hazikupatikana kwa jasho moja. Wapo wenye D hizo ambao wakipewa mwaka mmoja wa kutulia wanawapita wenzao.

Nasita pia kusema kila anayeondoka amepotea. Kuna kijana ninayemfahamu aliacha uhandisi akaenda kusomea ufundi wa majokofu, na leo ukimpigia simu anakuambia subiri hadi Jumatano. Kuondoka kulikuwa uamuzi bora aliowahi kufanya. Kilichomuumiza ni kwamba kulimgharimu mwaka na nusu na deni. Mkopo haufutwi kwa kuwa hukumaliza. Bodi inakudai uliyokula. Mwenzake aliyemaliza na kuajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, inauma lakini mshahara upo. Huyu anadaiwa kwa shahada ambayo hana.

Jirani zetu Kenya nao wamo humo humo. Mfumo wao wa ufadhili wa 2023 ulimgawanyia mwanafunzi mkopo na ruzuku kulingana na hali ya nyumbani kwao, na malalamiko makubwa yakawa kwamba mtu anashika barua ya kuitwa chuo huku hajui amewekwa daraja gani. Serikali tofauti, majina ya taasisi tofauti, mpangilio uleule: kiti kwanza, hesabu baadaye.

## Safu inayokosekana

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Ufungue. Kila kozi ina mstari wake: jina, namba, sifa za kuingia, pointi za chini, nafasi zilizopo, miaka ya masomo. Ni kazi nzuri, imepangwa vizuri, na kijana mwenye muda anaweza kujifunza mengi humo.

Mimi nataka safu moja zaidi. Walioingia kozi hii miaka minne iliyopita, wamemaliza wangapi?

Vyuo vinazo namba hizi. Kila aliyesajiliwa ana namba ya usajili, na kila aliyehitimu anasomwa jina kwenye mahafali. Ni suala la kutoa. Najua pingamizi: chuo kitaanza kupitisha watu bure ili safu ipendeze. Inawezekana. Ila leo hatuna safu, na kuna walimu wanaolalamika kwamba wanashinikizwa kupitisha watu vilevile ili ada isikimbie. Bora tulione.

Na jibu la mkopo, hata la makadirio, litoke kabla ya tarehe ya kuthibitisha. Taarifa za mwombaji zinakuwa zimeshajazwa, mihuri imeshagongwa. Kama haiwezekani kutoa kiasi kamili, basi atajwe yuko kundi gani: atapata yote, atapata nusu, asitegemee. Kijana akiambiwa "usitegemee" mwezi wa tisa, atachagua chuo cha karibu na shangazi yake. Akiambiwa hivyo mwezi wa kumi na moja, atachagua steshenari.

## Mpwa wangu

Mtoto wa pili wa dada yangu yuko JKT sasa hivi, anasubiri matokeo. Kombi yake ni PCB: fizikia, kemia na biolojia. Mama yake anataka udaktari, yeye anataka kitu chochote cha maabara. Wikiendi iliyopita alipata ruhusa ya simu akaniuliza, "Mjomba, nikitoka huku tunaanzia wapi?"

Nilimwambia tunaanzia kwenye karatasi kabla ya kompyuta. Nimepiga simu vyuo viwili kuuliza ile safu yangu, kozi ya sayansi za maabara, wanaingia wangapi na wanamaliza wangapi. Wa kwanza aliniuliza mimi ni mwandishi wa habari, nikasema hapana, mjomba, akanipa tovuti. Wa pili, mama mmoja wa idara, alinyamaza kidogo kisha akasema kwa mdomo tu hawezi, ila nikija ofisini na huyo kijana atatueleza wanaoshindwa hushindwa somo gani.

Tutakwenda. Nauli ya watu wawili hadi huko nimeshaitenga, na dada amekubali tuanze na vyuo ambavyo mtoto ana ndugu wa kumpa pa kulala, mkopo uje usije.